Kufungua uwanja wa kulenga shabaha Rungwe: gharama na vikwazo vyake

Baadhi ya wasikilizaji wetu wa Suma na kata za jirani wametuuliza kama mtu binafsi anaweza kufungua uwanja wa kulenga shabaha kwa biashara, na kama unalipa. Wazo lenyewe si la ajabu. Wapo walinzi wa kampuni binafsi wanaobeba bunduki kila siku na kukaa muda mrefu bila kufanya mazoezi. Wapo wamiliki halali wa silaha. Wapo pia wageni wanaokuja kuona Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu.

Hata hivyo, hii ni biashara ambayo mtu anaweza kumaliza akiba yake yote, na ng'ombe akauza, kabla risasi ya kwanza haijafyatuliwa. Hapa tumekusanya mambo ya kuyajua mapema.

Sheria kwanza, shamba baadaye

Silaha za raia nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta sheria ya zamani ya silaha na risasi. Msimamizi wake mkuu ni Msajili wa Silaha, aliye ndani ya Jeshi la Polisi. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha hodi ni ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kabla ya benki na kabla ya fundi. Peleka wazo lako kwa maandishi, uliza kibali gani kinahitajika, na omba jibu la maandishi pia.

Jambo moja huwapotosha wengi. Kwenye filamu, mteja anaingia, anakodi bastola, anapiga risasi zake na kuondoka. Hapa kwetu leseni hutolewa kwa mtu na kwa silaha inayojulikana. Leseni yako haimruhusu jirani yako kuibeba silaha hiyo. Ukipanga mapato yako kwa kutegemea watalii wasio na leseni, umejenga nyumba kwa kuanzia paa. Wateja wa uhakika zaidi ni wale ambao tayari wana silaha kihalali: kampuni za ulinzi na wamiliki binafsi.

Rungwe pia ipo kwenye njia kuu ya kutoka Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu. Tanzania imo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, inayozitaka nchi wanachama kudhibiti silaha na kuzuia zisivushwe mipaka kwa magendo. Usishangae basi vyombo vya usalama vikiuliza maswali mengi kuhusu ghala lako: nani ana funguo, nani anahesabu risasi, na zinalindwaje usiku.

Ardhi

Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Hata kama shamba ni la urithi na hati ya kimila unayo, kubadili matumizi kutoka migomba au chai kwenda uwanja wa risasi ni jambo ambalo majirani watataka kulisikia. Tunashauri wasikie kutoka kwako, mkutanoni, na si kwa mlio.

Umbali ndio kikwazo kikubwa. Hata risasi ndogo ya bunduki ya milimita 5.6 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja isipozuiwa. Ya bunduki kubwa ya kuwindia hufika kilomita kadhaa. Nyanda zetu zimejaa nyumba, mashamba na njia za watoto wa shule, na eneo tupu la ukubwa huo halipo. Kwa hiyo usalama wote unategemea kitu kimoja: tuta la kuzuia risasi.

Tuta na mvua yetu

Tupige hesabu. Tuta lenye urefu wa mita 20, kimo cha mita 5, upana wa mita 14 chini na mita 2 juu, linahitaji udongo wa mita za ujazo 800. Tipa linalobeba mita 10 za ujazo litakwenda safari 80. Hapo hujaweka kuta za pembeni, kibanda cha wapigaji, uzio, ghala la silaha wala choo.

Wengine watasema tunayo milima, tuta la nini? Mlima unaweza kusaidia, ila uso wake lazima usiwe na mawe, kwa sababu risasi ikigonga jiwe huruka upande usioutarajia. Nyanda za juu za Rungwe zinaweza kupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo uliokatwa au kurundikwa bila majani na mifereji utashuka. Gharama ya kurekebisha tuta kila baada ya masika iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Risasi iliyobaki ardhini

Kiswahili kinatusaidia hapa: risasi ni jina la kinachofyatuliwa, na ni jina la madini yenyewe. Madini hayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Madini haya huyeyuka kwa urahisi zaidi kwenye udongo wenye asidi na mvua nyingi. Chai hupenda udongo wenye asidi, kwa hiyo mahali inapostawi pahitaji tahadhari kubwa. Maji yanayotoka kwenye tuta yakifika kijitoni, yatafika kwa anayechota bondeni.

Zipo njia za kupunguza hatari: kuweka chokaa kwenye udongo, kuezeka tuta, kuzuia maji yasitiririke ovyo, na kuchekecha risasi zilizotumika ili zikusanywe na kuondolewa. Zote ni pesa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo la kuulizwa kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira.

Kelele nazo zimo. Silaha nyingi hutoa mlio unaozidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa mara moja. Wafanyakazi na wateja wote wavae vizuia sauti, na saa za mazoezi zijulikane kijijini.

Hesabu ya biashara

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tuseme mishahara, ulinzi, bima na matengenezo ni shilingi milioni 3 kwa mwezi. Mteja analipa 50,000, na risasi pamoja na shabaha zinakula 30,000. Kinachobaki ni 20,000. Ili usipate hasara unahitaji wateja 150 kwa mwezi, yaani watano kila siku bila kupumzika, mvua inyeshe isinyeshe. Weka tarakimu zako halisi, kisha ujiulize kama Tukuyu, au hata Mbeya mjini, ina wamiliki wa silaha wa kufikisha idadi hiyo.

Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako wamiliki binafsi wa silaha hufanya mazoezi na mashindano. Kiambu iko jirani na Nairobi, wenye silaha na uwezo wa kulipa walipo wengi. Hilo ndilo Rungwe haina.

Ukiamua kuendelea

Fuata mpangilio huu: polisi wilayani, mkutano wa kijiji, ofisi ya ardhi ya halmashauri, NEMC, kisha usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipakodi TRA, na usajili wa mahali pa kazi OSHA. Kabla ya kununua chochote, tafuta barua za kampuni za ulinzi zinazosema zitaleta walinzi wangapi na mara ngapi. Zikikosekana barua hizo, wazo lako limekosa wateja, na umelijua hilo kwa gharama ya nauli tu.

Kwa wanaotaka mchezo wa shabaha kwa wageni na vijana, upinde na mshale unahitaji eneo dogo zaidi, hauna baruti, na mlio wake haumwamshi mtu. Nao unahitaji uzio na msimamizi, lakini shamba la Suma linaweza kuubeba.