Eberswalde na Ugomvi wa Msitu wa Kudumu

Mwaka 2030 mji wa Eberswalde, ulio kaskazini-mashariki ya Berlin, utatimiza miaka 200 tangu Wilhelm Pfeil alipohamishia huko shule ya misitu iliyoanzishwa Berlin mwaka 1821. Yeye hakuwa wa kwanza, kwa kuwa Heinrich Cotta alikwisha kufungua shule yake Zillbach na kuihamishia Tharandt mwaka 1811. Katika shule hizo afisa misitu alifundishwa zaidi kupima na kuhesabu: msitu uligawanywa katika vitalu vya miti ya umri mmoja, kila kitalu kilichokomaa kikafyekwa chote na kupandwa upya, mara nyingi kwa misonobari mitupu. Karl Gayer wa Munich aliutetea msitu wa miti mchanganyiko mwaka 1886, lakini mafyeko yakaendelea.

Aliyetikisa mafunzo hayo ni Alfred Möller, mtaalamu wa kuvu aliyewahi kufanya utafiti Brazil kwa jamaa yake Fritz Müller, na ambaye tangu 1906 alikuwa mkuu wa chuo cha Eberswalde. Kwake msitu ulikuwa kiumbe kimoja, ambamo udongo, kuvu, wadudu na miti hutegemeana, na kuufyeka ni kukijeruhi kiumbe hicho. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 alieleza msitu wa kudumu, yaani msitu unaovunwa mti mmoja mmoja bila kuiacha ardhi uchi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa Bärenthoren, msitu wa misonobari juu ya mchanga duni huko Anhalt, ambako Friedrich von Kalitsch, tangu mwaka 1884, aliacha kufyeka, akapunguza miti kidogo kidogo na kuyaacha matawi yaoze palepale.

Möller alifariki mwaka huohuo wa 1922, akawaachia wengine ugomvi. Mwaka 1925 Eilhard Wiedemann alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ukuaji wa Bärenthoren ulikuwa umetiwa chumvi, na kwamba sehemu ya nafuu ilitokana na kukoma kwa desturi ya wanavijiji kuzoa majani makavu, yaliyo mbolea ya msitu. Hermann Krutzsch alipima upya na kuutetea msitu huo. Watetezi wa Möller walimwona Wiedemann kuwa adui, na hapo walikosea, kwa kuwa ikolojia isiyokubali kupimwa haiwezi kufundishwa, huweza kuhubiriwa tu.

Hasara kubwa zaidi ilitokana na amri. Mwaka 1934 Walter von Keudell, mkuu wa misitu chini ya Hermann Göring, waziri wa serikali ya Kinazi, aliufanya msitu wa kudumu kuwa sera ya dola, na fani inayodai jicho la mtu aliyesimama mbele ya mti ikawa waraka wa ofisini. Mwaka 1937 akaondolewa madarakani.

Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikifunga kitivo cha misitu cha Eberswalde mwaka 1963, na masomo yakarudi mwaka 1992. Baada ya ukame wa 2018 na mbawakawa walioangamiza misprusi mingi, hoja za Möller zimepata wasikilizaji wapya. Siku hizi Ujerumani na nchi jirani zina vitalu vya mafunzo ambamo kila mti umepimwa na kupewa namba. Mwanafunzi huchagua ya kukatwa, kisha huonyeshwa thamani ya mbao aliyoipata na makazi ya ndege na wadudu aliyoyapoteza.