Fedha za Umma na Uchunguzi wa Maisha ya Mjini katika Afrika ya Mashariki

Historia ya uchunguzi wa miji yetu imekwisha andikwa mara kadhaa, lakini aghalabu imeandikwa kama historia ya vitabu na wataalamu: nani alikaa Kampala, nani alihesabu vyumba vya Dar es Salaam, nani alileta nadharia ipi. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanauliza fedha zilitoka wapi, na zilitolewa kwa hofu ya nini. Kisha yanauliza swali ambalo watu wa idara za lugha hawana budi kuliuliza, nalo ni hili: kwa nini lugha ya watu wa mjini, ambayo bila yake wachunguzi wasingepata jibu hata moja, haikupata fungu lake katika fedha hizo?

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilishikilia kwamba kila koloni lijikimu kwa kodi zake lenyewe. Uchunguzi wa jamii uliachiwa wafadhili wa binafsi. Hata kazi kubwa ya Lord Hailey juu ya Afrika, iliyotoka mwaka 1938, ilitegemea fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Yaliyobadili mambo ni migomo na ghasia za visiwa vya West Indies katika miaka ya 1930. Mwaka 1940 Bunge la London lilipitisha Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni, iliyoruhusu hadi paundi 5,000,000 kwa mwaka kwa maendeleo na 500,000 kwa uchunguzi. Vita vikazuia sehemu kubwa ya fedha hizo zisitumike. Sheria ya mwaka 1945 ilitenga paundi 120,000,000 kwa miaka 10, na kiwango cha uchunguzi kikapandishwa hadi paundi 1,000,000 kwa mwaka. Katikati ya sheria hizo mbili, yaani mwaka 1944, liliundwa Baraza la Uchunguzi wa Sayansi za Jamii katika Makoloni, mwenyekiti wake akiwa Alexander Carr-Saunders na katibu wake Raymond Firth. Basi kuanzia hapo twaweza kusema kwamba uchunguzi wa jamii zetu ulilipiwa kwa fedha za umma. Ila umma wenyewe ulikuwa ule wa Uingereza, nao waliochunguzwa hawakuwa na mjumbe katika Bunge lililozigawa.

Huku kwetu, mambo ya mji yalikwisha anza kuchunguzwa kwa namna nyingine, namna ya tume. Tume huja moto ukishawaka. Makuli wa bandari ya Mombasa waligoma mwaka 1939, ikaundwa tume ya Willan. Wafanyakazi walipoanza tena kunung'unika wakati wa vita, ikaundwa kamati ya Arthur Phillips, iliyotoa taarifa yake mwaka 1945. Phillips hakutosheka na ile hadithi ya wachochezi wachache. Aliona kwamba palikuwa pakizaliwa tabaka la watu wa mjini hasa, wasio na mshahara wala nyumba za kuwakimu mjini humo. Taarifa yake haikutiliwa maanani vya kutosha, na tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi mjini Mombasa, bandarini, relini, mahotelini na majumbani, wakadumu katika mgomo wao zaidi ya siku 10. Katika siku hizo ndipo Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika lilipopata nguvu. Kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Baringo.

Hapa mwanafunzi wa lugha hawezi kupita bila kusimama. Uwanja waliokuwa wakikutanikia wagomaji kila siku waliuita Kiwanja cha Maskini. Jina hilo ni uchambuzi wa jamii kwa maneno matatu. Halikusema uwanja wa Wakamba, wala wa Wajaluo, wala wa Wamijikenda. Lilitaja hali ya watu, na lilitajwa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Hali kadhalika neno kibarua. Taarifa za serikali zilizungumza miaka mingi juu ya tatizo la kazi za siku moja moja bandarini, lakini neno walilokuwa nalo watu wenyewe lilikuwa limebeba historia yake: barua ndogo, kile kikaratasi cha mfanyakazi wa siku, ambacho asili yake ni zama za watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Mchunguzi aliyelisikiliza neno hilo angejua kwa nini kuli wa Mombasa alipenda kuuza siku yake moja kuliko kuuza mwezi wake mzima. Serikali ililiona jambo hilo kama uvivu au ukosefu wa nidhamu.

Baada ya migomo hiyo ya Mombasa, na ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1947, hoja ya kuwa na uchunguzi wa kudumu ilipata wasikilizaji. Taasisi ya Uchunguzi wa Jamii ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa fedha za ile Sheria ya Maendeleo na Ustawi, na tangu mwaka 1950 iliongozwa na Audrey Richards. Kazi nyingi za Taasisi zilihusu vijiji, utawala wa kienyeji na wahamiaji. Juu ya mji, kazi yake kubwa ni kitabu cha Aidan Southall na Peter Gutkind kilichotoka mwaka 1957, kuhusu Kampala na viunga vyake, hasa Kisenyi na Mulago. Ni kitabu cha haki, chenye kuwaona watu wa Kisenyi kuwa ni watu wa mji wanaojijengea mji wao, si wanakijiji waliopotea njia.

Dar es Salaam inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mwaka 1956, miaka miwili baada ya TANU kuundwa katika mji huo huo, serikali ya Tanganyika ilimpa J. A. K. Leslie, ofisa wa utawala, kazi ya kuuchunguza mji. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu humo watu wapatao 129,000, karibu mara mbili ya wale wa mwaka 1948. Hofu ya serikali ilikuwa wazi. Vijana wasio na kazi waliitwa wahuni, wakikamatwa na kurudishwa makwao, wakirudi tena mjini kwa lori lililofuata. Leslie aliingia katika nyumba za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, akauliza juu ya kodi, kazi, ndoa, jamaa na deni. Alichokileta ni picha ya ujirani na utegemeano ambayo haikulingana sana na ile hofu iliyomtuma. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa imekwisha pata uhuru. Maana yake serikali moja ililipa, na nyingine ikasoma.

Je, wapo watakaosema kwamba mifano hii yavunja hoja yetu, kwa kuwa wachunguzi hawa hawakuandika waliyotakiwa kuandika? Wana haki kwa kiasi fulani. Mlipaji aghalabu haandiki majibu. Anachoandika ni maswali, na pia huchagua mlango wa kufunguliwa. Ushahidi mkali zaidi hautoki kwetu bali Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoundwa mwaka 1937, ilipokea fedha za serikali pamoja na za makampuni ya migodi. Mkurugenzi wake wa kwanza, Godfrey Wilson, alipokuwa akichunguza maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill, wenye mgodi walimzuia kuingia katika makazi ya watu wao, naye mwaka 1941 akajiuzulu. Hakuna aliyembadilishia sentensi hata moja. Alifungiwa lango tu.

Mlango uliofungwa kwetu ulikuwa wa lugha, na haukufungwa kwa chuki bali kwa mpango wa mifuko. Tangu mwaka 1930 palikuwapo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyochangiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Hizo nazo zilikuwa fedha za umma. Lakini Kamati ilipewa kazi ya kusanifisha: kuchagua Kiunguja kuwa msingi, kulinganisha tahajia, kupitisha vitabu vya shule, kutunga kamusi. Kiswahili cha soko la Kariakoo au cha mabanda ya reli ya Nairobi kilikuwa kwake ni kosa la kusahihishwa. Kwa upande wa pili, wachunguzi wa jamii walikiona Kiswahili hicho hicho kama chombo cha kuulizia tu. Majibu yaliyotolewa kwa Kiswahili, na kule Kampala kwa Kiganda pia, yalichapishwa kwa Kiingereza, na maneno machache ya asili yakabaki hapa na pale kama viungo katika mchuzi. Mfuko mmoja ulinunua lugha isiyo na mji, mwingine ukanunua mji usio na lugha. Mifuko hiyo miwili haikukutana.

Hasara yake si ya nadharia tu. Leo wataalamu wanabishana juu ya mwanzo wa Sheng. Wako wanaourudisha hadi miaka ya 1930, na wako wanaoona kwamba ni mazao ya miaka ya 1970. Ubishi huo ungalipungua sana kama wale waliohesabu wakazi wa kila chumba katika mitaa ya mashariki ya Nairobi wangalipewa fungu dogo la kuandika watoto wa mitaa hiyo walivyosema. Hawakupewa, na ushahidi wa siku zile ni haba mno.

Uhuru ulibadili wenye serikali upesi kuliko ulivyobadili wenye mifuko. Nairobi ilipata Taasisi yake ya Taaluma za Maendeleo mwaka 1965, na sensa ya mwaka 1969 ikahesabu watu 509,286 katika mji huo. Serikali ya Kenya ilipotaka kuelewa ukosefu wa kazi, iliomba ujumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa, ukaongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, nao ukatoa taarifa yake mwaka 1972. Taarifa hiyo iliipa dunia istilahi ya sekta isiyo rasmi, ambayo Keith Hart alikuwa ameitangulia kwa uchunguzi wake wa Accra, na ambayo wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wamekwisha ifanyia kazi. Ilisema wazi kwamba mafundi wa vibanda hawapaswi kuvunjiwa. Serikali ilijibu kwa hati yake Namba 10 ya mwaka 1973. Lakini mafundi wa Kamukunji hawakujiita watu wa sekta isiyo rasmi. Walijiita watu wa jua kali, kwa sababu walifua mabati bila paa juu ya vichwa vyao. Ilichukua hadi mwaka 1992 kwa hati ya serikali kubeba jina hilo katika anwani yake. Istilahi ya kwanza humweleza fundi kwa kile asichokuwa nacho machoni pa ofisi. Ya pili yaeleza anakofanyia kazi na inavyomuuma.

Yapo mambo ya kushukuru. Uchunguzi mkubwa wa lugha uliofanyika katika nchi zetu mwishoni mwa miaka ya 1960 ulitoa kitabu juu ya Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley na kutoka mwaka 1974, na humo David Parkin alichunguza lugha za mitaa ya Bahati na Kaloleni. Hatimaye mtu wa jamii na mtu wa lugha walikaa katika kitabu kimoja. Fedha hizo, hata hivyo, zilikuwa za Ford Foundation. Zilipokwisha, uchunguzi nao ulikwisha, kwa maana hapakuwa na fungu la Kenya la kuuendeleza.

Sheria ya Sayansi na Teknolojia ya mwaka 1977 ilituletea Baraza la Taifa. Ile ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutajia asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zilizotolewa hazijapata kukaribia kiwango hicho. Kwa hiyo takwimu za muda mrefu za afya katika Korogocho na Viwandani, zilizoanza kukusanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimetegemea zaidi wafadhili wa ng'ambo. Uchunguzi uliosaidia Kaunti ya Nairobi kuitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu mwaka 2017 ulipata msaada wa shirika la umma la Kanada. Ni kazi njema zote mbili, na mlipakodi wa Toronto ana haki ya kujivunia ya pili. Lakini ni ajabu kwamba katika mji uliohesabiwa watu 4,397,073 mwaka 2019, umma unaolipa ungali mara nyingi ni umma mwingine.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, kwa hiyo hapana tena sheria inayozuia ile mifuko miwili kuwa mmoja. Mabadiliko ya kwanza si ya gharama kubwa. Kila uchunguzi wa mji unaolipiwa kwa fedha za Kenya uwekewe sharti kwamba hojaji na kanda za majibu, jinsi zilivyosemwa na kabla ya kufasiriwa, zihifadhiwe katika maktaba ya chuo kikuu cha umma, majina ya wasemaji yakiwa yameondolewa. Sharti la namna hiyo lingalikuwapo mwaka 1956, leo tungalimsikia mpangaji wa Dar es Salaam akieleza kodi yake kwa maneno yake mwenyewe.