Andika Mara Moja, Tumia Hadi Kinyala

Wamisionari wa Moravian walipofika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, walijifunza Kinyakyusa na kuhubiri kwa Kinyakyusa. Serikali ya Wajerumani, iliyojenga boma lake Tukuyu na kuliita Neu-Langenburg, ikashika njia nyingine: akida, karani na askari watumie Kiswahili, kuanzia Tanga hadi Ziwa Nyasa. Mmisionari alisikilizwa hadi jikoni, lakini akivuka mto kwenda kwa Wasafwa ilimbidi aanze upya. Karani wa boma alihamishwa popote na barua zake, ingawa bibi kizee wa Kinyala, hukohuko Rungwe, hakumwelewa. Waingereza wakaendeleza njia ya boma. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, pamoja na hazina yake yote ya mashairi, kikawekwa kando.

Naanzia huko mbali kwa sababu vijana wanaotengeneza programu za simu wanabishania jambo hilohilo. Uandike kwa lugha ya kila simu, Kotlin kwa Android na Swift kwa iPhone, yaani kazi moja uifanye mara mbili? Au utumie kiunzi kimoja, uandike mara moja, programu ifanye kazi kote?

Ahadi ya kuandika mara moja ina umri mkubwa kuliko wengi wa vijana hao. Kampuni ya Sun ya Marekani iliitoa mwaka 1995 ilipozindua Java, na miaka michache baadaye Java ikaingia kwenye simu za vitufe. Kwa maneno, programu moja ingeenda Nokia, Samsung na Siemens. Kwa vitendo, kila simu ilikuwa na kioo cha upana wake na vitufe vyenye tabia zake, na mtengenezaji alishinda akirekebisha toleo moja baada ya jingine.

Hata hivyo, mfano mmojawapo mzuri wa Java kwenye simu ulitoka hapa kwetu. Karibu mwaka 2008, programu ya CommCare ilianza kujaribiwa Dar es Salaam na wahudumu wa afya waliokuwa wakitembelea wagonjwa majumbani, wakiwa na simu za Nokia. Moyo wake ulikuwa maktaba ya msimbo iitwayo JavaROSA, inayojua kusoma fomu na kuuliza swali linalofuata. Android ilipoenea, sura ya programu iliandikwa upya, lakini moyo ukahamishwa, kwa kuwa Android nayo ilielewa Java. Sijaona funzo la ufundi lililo wazi kuliko hili: kilichosalimika ni kanuni za kazi, na kilichotupwa ni vitufe na rangi.

Mwaka huohuo wa 2008 M-Pesa ilifika Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ukipiga *150*00# kwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira au kwenye simu ya milioni mbili, menyu ni ileile. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, hauna picha, na ukichelewa kujibu unakatwa. Lakini programu yenyewe haikai kwenye simu kabisa, inakaa kwenye mtandao, na kwa hiyo haijali simu ni ya nani. Ukiniuliza, hicho ndicho kiunzi cha simu zote kilichofanikiwa kuliko vyote nchini, na hakuna mkutano wa wataalamu unaokishangilia.

Huko Marekani mambo yalikwenda mbio. Duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, simu ya kwanza ya Android ikauzwa Oktoba. Mwaka huohuo PhoneGap ikazaliwa: andika kama tovuti, uifunge ionekane programu. Mwaka 2011 Adobe waliinunua kampuni iliyoianzisha, na mwaka 2020 wakaachana nayo. Facebook nao walitegemea mbinu ya tovuti, hadi Mark Zuckerberg akakiri hadharani mwaka 2012 kwamba lilikuwa kosa kubwa. Kampuni hiyohiyo ikatoa React Native mwaka 2015, inayotumia vitufe vya simu yenyewe. Airbnb waliikumbatia, kisha mwaka 2018 wakatangaza kuiacha. Desemba 2018 Google wakatoa Flutter 1.0, inayojichorea kila kitu, kama mgeni anayekuja na sufuria zake. Xamarin, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2016, iliondolewa kwenye matunzo Mei 2024. Kila kiunzi kina mwenyewe, na mwenyewe akichoka, programu yako inabaki yatima.

Mimi nayajua haya kwa kuchomwa. Kikundi kimoja cha wafugaji kiliniomba programu ya kuandikisha maziwa, nikachagua kiunzi kilichokuwa kikisifiwa msimu ule. Ofisini ilipendeza. Kinyala, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvua ile ya Rungwe isiyo na haraka inanyesha, akina mama wamepanga ndoo na madumu. Karani anapima, anatumbukiza kipimo kuona kama kuna maji, kisha anagusa kioo kwa kidole chenye maziwa. Kioo kimya. Anafuta kidole kwenye koti, koti nalo limelowa. Anagusa tena, lita tatu zinakuwa thelathini na tatu.

"Mwanangu," mama mmoja akaniambia, "andikeni kwenye daftari, ng'ombe wangu hawezi hizo."

Wengine niliowawekea programu hiyo wajionee hesabu zao waliifuta ndani ya wiki. Simu zao zilikuwa zikilia kwamba nafasi imejaa, na kati ya programu yangu na picha za harusi ya binti, mimi ndiye niliyetoka.

Nilirudi nikahesabu simu, jambo nililopaswa kuanza nalo. Wafugaji wengi walikuwa na vitochi. Wenye simu janja walikuwa na Android za bei nafuu. iPhone katika mradi mzima ilikuwa moja, ya mkubwa aliyekuwa akitoka mjini kuja kuona maendeleo, na ndiye aliyesisitiza programu iwe ya simu zote.

Tukaiandika upya kwa Kotlin, kwa ajili ya simu moja tu, ya karani, namba zikiwa kubwa kama vigae, na kila kipimo kikisomwa kwa sauti kabla ya kuhifadhiwa. Mfugaji anapata ujumbe mfupi kwenye kitochi chake: tarehe, lita, jumla ya mwezi. Mkubwa tulimtengenezea ukurasa wa tovuti, anaufungua kwenye kivinjari cha iPhone yake.

Daftari bado lipo, limefunikwa nailoni, chini ya mizani.