Rangi za rada: Jinsi waongoza ndege wa mtandaoni wanavyoichora anga ya Same na Upare

KATIKA masikio ya Watanzania wengi, neno rada huenda sambamba na neno chenji. Mwaka 2001 Serikali ya Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania mtambo wa rada kwa bei ya pauni milioni 28. Desemba 2010 mahakama mjini London iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni 500,000 kwa kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo. Kampuni ilikubali pia kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati, na ambazo mitaani zilibatizwa jina la "chenji ya rada".

Fedha hizo zilizungumzwa bungeni, magazetini na vijiweni kwa miaka mingi. Kilichozungumzwa kwa uchache ni rada yenyewe: mwongoza ndege anaona nini anapoketi mbele ya kioo chake, na kwa nini kioo hicho kina rangi kilizonazo.

Mwaka 2017 Tanzania ilitia saini mkataba mwingine, safari hii na kampuni ya Thales ya Ufaransa, wa rada nne za kiraia kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Zile za Dar es Salaam na Kilimanjaro zilizinduliwa mwaka 2019. Vyumba vya mitambo hiyo haviingiliwi na kila mtu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini upo mlango mwingine wa kujifunzia kazi hiyo, nao uko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti.

Mlango huo ni mitandao ya kuigiza usafiri wa anga. Mtandao wa IVAO ulianzishwa mwaka 1998 na ule wa VATSIM mwaka 2001. Ndani yake, wapenzi wa urubani hurusha ndege za kwenye kompyuta, na wengine hujitolea kuwa waongoza ndege wao. Hakuna ada ya kujiunga. Mwongoza ndege wa VATSIM hupanda daraja kwa mafunzo na mitihani: huanza na ndege zilizo ardhini, kisha mnara, kisha ndege zinazokaribia kutua, na mwisho njia kuu za angani.

Kati ya mambo ambayo mgeni katika mitandao hiyo hukutana nayo mapema ni rangi. Programu humpa kioo chenye rangi zilizopangwa na mtu mwingine, aghalabu wa Ulaya au Marekani, na humruhusu kuzibadili atakavyo. Hapo ndipo makosa mengi huanza.

Anga inayochorwa

Mji wa Same uko takriban kilomita 100 kusini mashariki mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, uliofunguliwa mwaka 1971. Mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi KIA hupita magharibi mwa Same, juu ya bonde la Mto Pangani, ukiiacha Milima ya Upare upande wa kulia wa rubani. Mbele yake kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha tambarare ya Moshi, na nyuma ya tambarare hiyo Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895.

Kwa hiyo anayeongoza ndege za kuigiza zinazokwenda KIA ana mambo manne ya kuchora upande huu: milima, maji, mpaka wa anga na njia za ndege. Upareni, kilele kirefu kuliko vyote ni Shengena, katika msitu wa Chome wilayani Same, chenye takriban mita 2,460, sawa na futi 8,070 hivi. Mpaka wa Kenya uko jirani, na pamoja nao mpaka wa anga inayoongozwa kutoka Nairobi.

Historia inaonyesha kwamba milima ya ukanda huu haina mzaha. Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwamo wakapoteza maisha. Somo lake halijachakaa: mlima ambao rubani haoni lazima awepo mtu au chombo cha kumkumbusha kuwa upo.

Kutoka kijani hadi kijivu

Rada za awali zilitumia kioo cha bomba lililopakwa unga unaong'aa unapopigwa na miali. Mwanga wake ulikuwa hafifu, hivyo waongoza ndege walifanya kazi katika vyumba vya giza. Picha ya doa la kijani katika weusi, ambayo filamu zimeipenda mno, ilitokana na kemia ya unga ule. Hakuna aliyeichagua kwa uzuri wake.

Vioo vya rangi vilipokuja, giza halikuwa lazima tena. Vituo vingi vilihamia kwenye vyumba vyenye mwanga wa kawaida na mandhari ya kijivu au buluu iliyofifia. Sababu ni jicho lenyewe. Herufi nyeupe kali juu ya weusi mtupu huchosha macho baada ya saa kadhaa, hasa chumba kikiwa na mwanga na kioo kikirudisha taswira ya dirisha.

Kanuni iliyozaliwa humo ni rahisi: kadiri kitu kinavyohitaji kushughulikiwa, ndivyo kinavyong'aa zaidi. Ramani ya ardhi hufifia kabisa. Njia za ndege huonekana kidogo. Ndege zisizomhusu mwongozaji huwa za kijivu, zile alizozipokea huwa angavu, na ile inayokabidhiwa kwake hupewa rangi ya kumwita. Nyekundu huachiwa hatari.

Hatari zenyewe zinajulikana. Kila ndege hupewa namba ya tarakimu nne ya kujitambulisha kwenye rada. Namba 7700 ni ya dharura, 7600 ni ya redio iliyoharibika na 7500 ni ya utekaji. Mpenzi anayeupaka mpaka wa Kenya rangi nyekundu ile ile ameiba sauti ya kengele. Siku ndege ikitoa 7700 karibu na Holili, jicho lake litakuwa limeshazoea wekundu na halitashtuka.

Hesabu ya rangi

Ramani ya programu nyingi za aina hii huwa katika faili la maandishi matupu, linaloweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya kuandikia. Mahali huandikwa kwa nyuzi, dakika na sekunde. Mji wa Same, kwa mfano, huangukia karibu na S004.04.00.000 E037.44.00.000. Rangi hutangazwa juu ya faili kwa neno #define, likifuatiwa na jina na namba moja ndefu.

Namba hiyo huwatisha wengi, ilhali ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha. Kila rangi ya kompyuta ina nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chukua buluu uzidishe kwa 65,536, kijani uzidishe kwa 256, kisha ujumlishe na nyekundu jinsi ilivyo.

Tuseme milima ya Upare inatakiwa kuwa kahawia iliyofifia: nyekundu 110, kijani 80, buluu 50. Buluu inatoa 3,276,800 na kijani 20,480. Ukiongeza 110 unapata 3,297,390. Mstari utasomeka #define MLIMA 3297390, bila alama za mkato. Kijivu cha kati, chenye 128 kwa zote tatu, ni 8421504.

Kosa la kawaida ni kufuata mpangilio wa kurasa za intaneti, ambao huanza na nyekundu. Anayefanya hivyo kwa mfano wa hapo juu hupata 7229490, na milima yake hugeuka buluu kama maji ya Nyumba ya Mungu. Rangi ya kahawia ikitokea buluu, au buluu ikitokea kama udongo, sababu karibu kila mara ni hiyo.

Rangi za ndege zenyewe haziko katika faili la ramani. Katika programu ya EuroScope, inayotumiwa sana Ulaya na Afrika, ziko katika dirisha liitwalo Symbology Settings, na huhifadhiwa katika faili la peke yake. Inafaa kunakili faili hilo kabla ya kugusa chochote, kisha kubadili rangi moja moja na kuitazama kwa muda. Anayebadili 20 kwa mkupuo hajui ni ipi iliyomharibia kazi.

Tarakimu inayookoa

Karibu na kila ndege kwenye kioo kuna kibandiko kidogo chenye jina la safari, kimo na mwendo. Kimo huandikwa kwa mamia ya futi: 180 ni futi 18,000. Kibandiko hicho ndicho husomwa kuliko kitu kingine chochote, na ndicho kinachopaswa kushinda rangi zote zilizo chini yake.

Kanuni za kimataifa hutaka ndege inayoruka kwa kutegemea vyombo katika eneo la milima iwe angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kilicho jirani. Kwa Shengena, hesabu hiyo inavuka kidogo futi 10,000. Ndege yenye kibandiko cha 100 inaonekana iko juu sana, lakini juu ya kilele hicho bado haijatimiza kiwango. Ikiwa milima imepakwa kahawia nzito na kibandiko ni cha kijani kilichokolea, tarakimu zitazama ndani ya mlima kabla ya ndege kuzama.

Ndiyo maana waongozaji wazoefu wa mitandaoni huipa milima rangi inayokaribiana na ya mandhari, iliyozidi kidogo tu, na huongeza maandishi madogo ya kimo. Huwa waangalifu pia na buluu. Sehemu ya katikati kabisa ya jicho, inayotumika kusoma, haina chembe za kupokea buluu, hivyo herufi nyembamba za buluu husomeka kwa shida. Buluu inafaa kujaza maziwa kama Jipe. Haifai kuandikia kimo.

Lipo pia jambo ambalo rangi haiwezi kulionyesha. Mawimbi ya rada hayapenyi mlima. Ndege ndogo inayoruka chini mashariki mwa Upare, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, inaweza kufichwa na safu ya milima isionekane na rada iliyo magharibi. Kioo kitupu si ushahidi kwamba anga ni tupu.

Macho hayafanani

Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 hatofautishi vema nyekundu na kijani. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, lakini tatizo lipo, na wengi huishi nalo bila kujua hadi siku ya kupimwa. Katika kazi halisi ya kuongoza ndege, kupimwa uwezo wa kuona rangi ni sehemu ya uchunguzi wa afya.

Mtandaoni hakuna kipimo hicho, kwa hiyo kila mtu ni daktari wake. Njia salama ni kutoiachia rangi peke yake ibebe ujumbe. Ndege iliyopokelewa iwe angavu na pia iwe na alama ya umbo tofauti. Dharura iwe nyekundu na pia iandikwe kwa maneno. Jaribio jepesi ni kuondoa rangi zote kwenye kioo kwa mipangilio ya kompyuta. Ikiwa hali ya anga bado inaeleweka kwa kijivu kitupu, mpangilio ni mzuri.

Kompyuta zilizotumika nazo zina mambo yake. Vioo vingi vya bei nafuu hubadili rangi mtu anapoinamisha kichwa, na kijivu kilichopangwa usiku hupotea kabisa katika jua la mchana. Mji kama Same, ulio kwenye nyika kavu chini ya milima, hauna uhaba wa jua. Busara ni kupanga rangi saa ile ile na katika mwanga ule ule ambao kazi itafanyika.

Mchezo na kazi

Ramani za kuigiza ni za kuigiza. Hazipaswi kutumiwa kurusha ndege ya kweli, wala waongozaji wake hawana sauti katika anga halisi, ambayo nchini iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Anayetaka kuifanya kazi hiyo kwa maisha yake atapitia masomo, uchunguzi wa afya na leseni.

Hata hivyo, kijana wa sekondari anayekokotoa rangi ya Shengena anajifunza jiografia ya wilaya yake, hesabu za kompyuta na nidhamu ya macho kwa pamoja. Atajua kwamba futi 10,000 juu ya Chome hazitoshi. Na siku mjadala wa kununua rada ukirudi tena, atakuwa miongoni mwa wachache wanaoweza kuuliza, kabla ya kuuliza bei, mtambo huo utaona nini nyuma ya milima.