Mavazi Ya Kijana Wa Kiislamu Katika Kazi Ya Ofisini: Nyumbani Na Uingereza

 

Kijana anapotoka Kipili, au katika visiwa vya mbele yake kama Ulwile na Mvuna, akapata kazi ya ofisini Namanyere, Sumbawanga au hata Uingereza, huzuka maswali mawili nyumbani. Mzazi huuliza: je, mwanangu ataacha kanzu na kufuata desturi za wasiokuwa Waislamu? Kijana naye huuliza: je, nikivaa kama ninavyovaa nyumbani, wataniona sifai kwa kazi? Jibu la maswali yote mawili lina kipimo kimoja: nguo ya kazini ya Muislamu ni ile anayoweza kuswali nayo hapo hapo kazini bila ya kubadilisha.

Asili ya mavazi ni halali

Allaah Ametaja katika Suwrah Al-A'raaf (7:26) kuwa mavazi ni sitara na ni pambo, na kwamba lililo bora kuliko yote ni vazi la taqwa. Sharia haikumfaradhishia mwanamume kushona nguo yake kwa namna moja. Katika Hadiyth ya Al-Mughiyrah bin Shu'bah (Radhwiya Allaahu 'anhu), iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa safarini amevaa juba la Shaam lenye mikono ya kubana, hata akalazimika kuitoa mikono yake kwa chini ya juba ili atawadhe. Wakati huo Shaam ilikuwa chini ya Warumi. 'Ulamaa wamechukua hapo dalili kuwa nguo haiharamiki kwa sababu tu imetengenezwa na wasiokuwa Waislamu. Kujifananisha kulikokatazwa ni katika yale yanayowahusu wao peke yao, kama alama za dini zao. Shati na suruali leo huvaliwa na watu wa kila dini.

Kanzu ni vazi la heshima na desturi njema, na Unguja na Pemba wengi huivaa hata ofisini siku ya Ijumaa. Lakini asiyeivaa Jumatatu hajaacha Dini yake.

Ofisi zinataka nini

Kwa watumishi wa umma Tanzania ulitolewa Waraka wa Utumishi Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi. Waraka huo ulikataza nguo za kubana na zinazoonesha maungo, pamoja na jinzi, fulana na kaptura. Muislamu atauona mwepisi, kwa kuwa sitara anayotakiwa na Dini yake inaelekea huko huko.

Uingereza, ofisi nyingi zimeacha kudai suti kila siku. Zinataka unadhifu wa kati: shati lenye kola, suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi vilivyosafishwa, pamoja na sweta au koti wakati wa baridi. Mara nyingi tai si lazima. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ya huko inakataza mfanyakazi kubaguliwa kwa ajili ya dini yake. Hivyo mwenye ndevu au anayehitaji nafasi ya kuswali azungumze na msimamizi wake mapema na kwa adabu.

Kipimo cha Swalaah

Mwezi wa Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Maana yake Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zaweza kumkuta kijana kazini. Akiwa na nguo isiyofaa kuswalia, atashawishika kuzichelewesha, na hapo ndipo penye hatari hasa.

'Awrah ya mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Suruali inayokaa chini ya kiuno pamoja na shati fupi humfunua mtu mgongo wa chini anaporukuu na kusujudu. Katika madhehebu ya Shaafi'iy, 'awrah ikifunuka na asiifunike papo hapo, Swalaah hubatilika. Basi kabla ya kununua, ajaribu: ainue mikono, arukuu, asujudu, na mwenzake amtazame kwa nyuma. Suruali ipande hadi kitovuni, shati liwe refu, na ndani avae fulana ndefu aichomeke. Suruali ya kubana sana, hata kama Swalaah yake inasihi, inachora maungo na haifai kwa mwenye haya.

Wudhuu na miguu

Kunyanyua miguu kwenye sinki la ofisini huleta tabu. Hadiyth ile ile ya Al-Mughiyrah inatupa wepesi: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipaka maji juu ya khofu zake. Kijana avae khofu za ngozi zinazofunika vifundo asubuhi, akiwa na wudhuu kamili, kisha azipake maji kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake. Soksi nyepesi za kawaida hazitoshi kwa Mashaafi'iy. Na aingiapo chooni akae, wala asisimame, ili suruali isirukiwe na najisi.

Ya kuepuka

1. Hariri na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Tai nyingi ni za hariri, kwa hiyo asome lebo. Ya poliesta haina hukumu hiyo. Pete ya fedha inaruhusiwa.
2. Ngozi ya nguruwe, ambayo hutumika hata kwa bitana za viatu. Kwa Mashaafi'iy haitahiriki kwa kudabaghiwa.
3. Suruali ya kuburuza. Kuishusha chini ya vifundo kwa kiburi ni haramu, na bila ya kiburi ni makruhu kwa Mashaafi'iy. Fundi cherehani aikate ifike kwenye kifundo, na bado itakuwa nadhifu.
4. Kuhusu tai yenyewe 'Ulamaa wamekhitilafiana. Pasipolazimishwa, kuiacha ni salama zaidi.

Nasaha kwa wazazi

Msiuze nyavu wala kukopa kwa ajili ya suti. Suruali mbili, mashati matatu na jozi moja ya viatu vinatosha kuanzia, na katika mitumba hupatikana vizuri. Anayepanda kutoka joto la ziwani kwenda Sumbawanga, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, aongeze sweta. Kisha mkimpigia simu, kabla ya kumuuliza amevaa nini, muulizeni ameswali wapi.

Na Allaah Anajua zaidi.