Mkwaju Hewani: Tamthilia ya Redio na Lugha ya Ukimwi Bukoba na Muleba

Utangulizi

Katika Tanzania Bara redio iliitangulia televisheni kwa miaka 43. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, ilhali vituo vya kwanza vya televisheni, vilivyokuwa vya binafsi, vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo, kizazi kizima cha Bukoba na Muleba kiliufahamu mchezo wa kuigiza wa Kiswahili kwa masikio. Kichekesho cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilichoitwa Pwagu na Pwaguzi kilichota jina lake katika methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mjanja hukutana na aliyemzidi. Msikilizaji aliyezungumza Kihaya nyumbani alijifunza methali na kicheko kwa pamoja.

Ugonjwa Uliotafuta Jina

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima wa mji wa Bukoba walikuwa wameambukizwa, na asilimia 10.0 katika wilaya za Bukoba Vijijini na Muleba. Nyuma ya tarakimu hizo kulikuwa na migomba isiyopaliwa na watoto waliobaki na bibi zao.

Lugha nayo ilihangaika. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyoingia kwa biashara ya magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Waganda walisema siliimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Jina la kwanza lilielekeza lawama kwa wafanyabiashara. La pili lilitaja mwili uliokonda. Hakuna hata moja lililoeleza namna maambukizo yanavyotokea. Kifupisho UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, kilifanikiwa kwa sababu ya kisarufi pia: silabi yake ya kwanza inafanana na kiambishi cha ugonjwa, umaskini na upweke. Wasemaji wakakipa upatanisho wa kisarufi mara moja, wakasema Ukimwi unaua. Hata hivyo, neno la kitaalamu halikumpa mke njia ya kuzungumza na mumewe.

Twende na Wakati

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, tamthilia ya mfululizo iliyofuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mwovu, na mwingine anayeyumba kati yao. Mhusika aliyekumbukwa zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani, anayeambukizwa virusi. Mkewe, Tunu, anajitafutia riziki kwa biashara yake ndogo.

Majina haya yanastahili uchambuzi. Tunu ni kitu cha thamani, zawadi adimu. Mumewe haitambui thamani hiyo. Mkwaju ni mti wa tunda chachu, na pia ni fimbo. Mti hukauka, kwa hiyo husemwa mkwaju umekauka. Dereva husemwa Mkwaju ameugua. Badiliko la upatanisho huifanya nomino ya ngeli ya miti kuwa mtu. Wahaya, ambao lugha yao ina ngeli kama Kiswahili ingawa wao husema omuntu kwa mtu na hutumia toni, hawakuhitaji kufundishwa mchezo huo wa maneno.

Faida yake ilikuwa ya kijamii. Katika kijiji ambamo kumtaja marehemu na ugonjwa wake ni kuitukana familia yake, Mkwaju aliweza kulaumiwa bila jirani kuguswa.

Je, tamthilia iliokoa maisha? Tahadhari inahitajika. Mkoa wa Dodoma ulitengwa na matangazo hayo hadi mwaka 1995 ili kupata ulinganisho, na Everett Rogers na wenzake walibaini kwamba wasikilizaji wa kwingineko waliripoti kupunguza wapenzi. Kagera haikuwa na kipimo cha namna hiyo. Zaidi ya hayo, maambukizo katika mji wa Bukoba yalikuwa yamekwisha kushuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993, kabla tamthilia haijapata muda wa kuzaa matunda. Mwaka 1996 yalifikia asilimia 13.3. Misiba, mahubiri, wauguzi na watafiti walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao. Tamthilia ilikuta watu walioanza kubadilika, ikawapa maneno.

Hitimisho

Historia ya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa kutumia kamusi, utenzi na sera. Tamthilia ya redio inaonyesha njia nyingine ya neno kuenea: sauti ya jioni, kicheko, kisha mazungumzo ya asubuhi shambani. Wasikilizaji wa mwaka 1993 wa Bukoba na Muleba sasa ni wazee. Kumbukumbu zao hazimo katika kamusi yoyote, na mwanafunzi wa isimu atakayezikusanya hana budi kuwahi.