Kujificha, kujigeuza, kujifanya

Vitenzi hivi vitatu huchanganywa tunapowazungumzia waovu wa riwaya za kifantasia. Anayejificha haonekani, anayejigeuza hubadili umbo, anayejifanya hudai kuwa mtu mwingine. Sauron wa J.R.R. Tolkien alitumia viwili vya mwisho. Alijigeuza akawa na sura ya kuvutia, kisha akajifanya Annatar, yaani Bwana wa Zawadi, akawafundisha mafundi wa Eregion kutengeneza pete za nguvu. Mfalme Gil-galad alimkataa, lakini Celebrimbor, kiongozi wa mafundi hao, akampokea. Sauron alipovaa Pete Kuu, aliyoitengeneza kwa siri ili kuzitawala pete nyingine, mafundi wakamtambua. Baadaye kisiwa cha Númenor kilipozama naye akiwamo, akapoteza uwezo wa kujigeuza awe mzuri wa sura. Basi mwovu anapoketi mbele ya wenyeji wake kwa jina la uongo, usiandike “alijificha”. Andika “alijifanya”.